Dishi la futi sita la Makorora: shajara ya miezi mitatu

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Leo nimeanza. Dishi ni la futi sita, sentimita 180 kwa tepu kutoka ukingo hadi ukingo, la vipande sita vya bati vilivyoshikana kwa bolti. Limesimama nyuma ya nyumba ya mama, Makorora, Tanga. Marehemu baba alilisimamisha mwaka 1998 akisaidiwa na jirani, na zege la chini walilichanganya wenyewe. Tangu baba atangulie mbele ya haki hakuna aliyeligusa isipokuwa fundi mmoja aliyekuja miaka kadhaa iliyopita, akaligeuza kidogo, akapokea chake, akaenda. Kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye ukingo wake.

Kilichonileta ni mvua. Mama anacho king'amuzi cha kulipia na kidishi kidogo juu ya paa, na siku za kawaida hakina neno. Masika yakikolea, Aprili na Mei, picha hukatika saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, na mama hubaki anatazama kioo cheusi mpaka usingizi unamchukua pale pale kwenye kiti. Hilo si kosa la mtu. Vidishi vile hupokea bendi ya Ku, gigahezi 11 na 12, mawimbi mafupi ya sentimita mbili na nusu hivi, na mvua nzito huyameza. Bendi ya C, gigahezi 3.7 hadi 4.2, ina mawimbi marefu mara tatu ya hayo, na mvua haiyasumbui sana. Dishi la baba ni la bendi ya C. Liko pale pale, linaliwa na kutu.

Setilaiti ninayoitaka ni Intelsat 20, iliyorushwa Agosti 2012 na kukaa digrii 68.5 mashariki, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukisimama Tanga, iko juu sana: digrii 55 kutoka upeo wa macho, upande wa mashariki, umeegemea kaskazini kidogo tu, digrii 81 za dira. Kwa urefu huo, mwembe wa jirani hauna habari nasi.

Risiva nimenunua mpya ya DVB-S2, mfumo mpya zaidi wa matangazo ya setilaiti, maana ile ya baba ni ya DVB-S na chaneli nyingi za siku hizi haizioni kabisa. Nimeunganisha, nimetafuta, na hali ya kuanzia, kwa namba za risiva za kuhesabu kwa mia, ni hii: nguvu 84, ubora 9. Picha hakuna.

Hizi namba mbili zimewagharimu watu fedha nyingi. Mtu anaona nguvu 84 anasema mawimbi yapo tele, tatizo ni risiva. Leo nimemfanyia mpwa wangu jaribio: nimefunika kwa sufuria ya mama mdomo wa LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi na kuyapeleka kwenye waya. Nguvu imeshuka hadi 79 tu. Ubora umekuwa sifuri. Maana yake ile nguvu, sehemu yake kubwa, ni kelele ya LNB yenyewe ikishuka na waya, na haikuambii setilaiti inasikika au haisikiki. Kuanzia leo kwenye shajara hii naandika ubora peke yake.

Jirani amenishauri ninunue dishi la futi nane. Nimemshukuru, nimepiga hesabu. Kutoka sentimita 180 kwenda 240 eneo linaongezeka mara 1.78, yaani desibeli 2.5 kwa kipimo cha nguvu ya mawimbi. Si haba. Lakini dishi linalotoa ubora 9 halijapungukiwa desibeli 2.5. Kuna kitu kimekosewa mahali, na kikiachwa hapo, hata dishi la futi nane litakosea vilevile.

Jumapili, 4 Agosti

Siku ya waya. Kutoka dishi hadi sebuleni ni mita 38, na katikati, chini ya dirisha la jikoni, nimekuta kiungo kilichofungwa kwa mfuko wa nailoni na tepu nyeusi. Nimekifungua kwa kisu. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, wavu wa nje umekuwa unga mweusi, na maji yalidondoka matone matatu kiganjani mwangu. Hewa ya chumvi ya Tanga haitaki mchezo na konekta.

Nikachukua multimita. Risiva inapeleka volti 13 kwa chaneli za wima, ambazo mawimbi yake yanatikisika juu na chini, na 18 kwa za mlalo, zinazotikisika kushoto na kulia. Hivyo ndivyo LNB inavyojua ielekee upande gani. Nyuma ya risiva nimepata 18.2. Kwenye LNB, ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi, nimepata 14.3. Kwa volti hizo LNB haiwezi kujua kwa hakika imeambiwa nini, na huenda za mlalo haijawahi kuzisikia.

Nimepitisha kebo mpya ya RG6 kipande kimoja bila kiungo, konekta za kubana kwa koleo lake badala ya zile za kuzungusha kwa mkono. Kabla ya kununua nimepita na sumaku dukani. Kebo ambayo waya wake wa katikati unanasa kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa shaba. Inapitisha mawimbi vizuri, ila umeme wa LNB unapungua zaidi njiani. Nimelipia ya shaba tupu. Muuzaji alitaka pia kunipa kile kikuza mawimbi cha kuunga katikati ya waya, nikakikataa. Mita 38 za RG6 zinapoteza desibeli nane hivi, na LNB yenyewe inakuza zaidi ya 60. Kukuza mawimbi yaliyokwisha kuchafuka ni kukuza uchafu wake pia.

Sasa LNB inapata 17.7. Nilitegemea nione tofauti kati ya wima na mlalo. Haikuwepo. Ubora 11 kwa volti 13, ubora 11 kwa volti 18, kwenye masafa yale yale. Nimeiandika na alama ya kuuliza pembeni, kwa sababu sielewi.

Jumamosi, 10 Agosti

Umbo. Dishi likipinda, mawimbi yanayogonga upande mmoja yanafika mahali tofauti na ya upande mwingine, na badala ya kusaidiana yanauana.

Kipimo chake ni nyuzi mbili za mshonaji. Unafunga mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, wa pili unaukata msalaba. Dishi likiwa sawa, nyuzi zinagusana katikati bila kusukumana. Zangu ziliachana milimita 22. Kosa lilikuwa kwenye ile kamba ya nguo: mashuka yaliyolowa, miaka na miaka, yamevuta kipande kimoja cha bati hadi bolti mbili zimepanua matundu yake.

Tumelishusha, mimi, mpwa wangu na vijana wawili wa mtaani, tukalilaza kifudifudi juu ya mchanga. Nimelegeza bolti zote, kila moja nusu mzunguko, hata zile zilizoonekana nzima, kwa sababu ukikaza ile iliyolegea peke yake unakaza pamoja na ule upinde. Mbili zilikatika kwa kutu. Kisha nimekaza kwa kuvuka, moja huku, inayofuata ng'ambo, kama mtu anavyofunga tairi. Nyuzi zimerudi kuachana milimita mbili. Hapo niliridhika.

Lilipokuwa limelala hivyo, mpwa wangu akaniita. "Mjomba, hapa kuna namba." Nyuma ya kipande cha juu, kwa rangi nyekundu iliyopauka, kuna mwandiko wa baba: 67. Hakuna kingine. Nikadhani ni namba ya kipande.

Halafu tukaligeuza, nikapima kina. Ubao ulionyooka juu ya ukingo, tepu kutoka ubaoni hadi katikati ya dishi: sentimita 30. Kupata mahali mawimbi yanapokutana, unazidisha kipenyo kwa kipenyo na kugawanya kwa kina mara 16. 180 mara 180 ni 32,400. 30 mara 16 ni 480. Jibu 67.5. Mdomo wa LNB unasogezwa mbele kidogo, milimita sita hivi, ili mahali pa kukutana pawe ndani ya mdomo na si nje yake. Kwa hiyo kutoka katikati ya dishi hadi mdomoni ni sentimita 67 kasoro nukta.

67.

Nimekaa pale mchangani kwa muda. Baba hakusoma shule ya ufundi. Sijui alimuuliza nani, au alisogeza ile LNB siku nzima mkono kwa mkono hadi akapata. Lakini aliipata, na akaiandika mahali ambapo atakayelifungua dishi lazima aione. Yule fundi hakulifungua. Nilikuta LNB imefungwa kwenye 64. Sentimita tatu ni kitu kidogo kwenye meza ya fundi seremala. Kwenye gigahezi 4, ambapo wimbi zima lina urefu wa sentimita 7.5, ni karibu nusu ya wimbi.

Ringi zile za bati zinazozunguka mdomo wa LNB nazo zina kipimo chake, zimeandikwa 0.32, 0.34 hadi 0.42. Unagawanya 67.5 kwa 180, unapata 0.375. Nimeziweka kwenye 0.38. Zikikosewa upande mmoja, LNB inatazama hadi nje ya ukingo na kuokota joto la ardhi. Zikikosewa upande wa pili, inatazama katikati tu, na bati lote la pembeni linakaa bure.

Jioni limerudi juu. Ubora 24. Kamba ya nguo nimemhamishia mama kwenye mti wa mfenesi.

Jumamosi, 17 Agosti

Wiki nzima nimelala na ile namba 24. Waya mzima, umbo zuri, LNB mahali pake, na bado ubora hauvuki robo. Leo asubuhi nikaamua kufanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo: kuzungusha LNB kwenye kishikizo chake, taratibu, mzunguko mzima, mpwa wangu akisoma namba dirishani.

"Ishirini na nne. Ishirini na nne. Ishirini na tatu. Ishirini na nne."

Mzunguko mzima, na namba haikusogea.

Hapo moyo ulinishtuka, maana jambo hilo haliwezekani. Intelsat 20 kwenye bendi ya C inarusha mawimbi ya wima na ya mlalo. LNB ina pini mbili za kunasa mawimbi, moja ya wima na moja ya mlalo. Ukiizungusha, lazima kuna mahali itasikia vizuri na mahali itakuwa kiziwi. Ikisikia sawasawa pande zote, kuna kitu kimekaa mbele ya pini.

Nimeifungua. Kofia ya plastiki ya mdomoni iling'ang'ania, nikaichokonoa kwa bisibisi bapa. Ndani, kimekaa kwa mshazari wa digrii 45 kutoka kwenye pini, kipande cha tefloni, aina ya plastiki, cheupe, bapa, kirefu kama kidole cha kati, kingo zake zimechongwa ncha. Kimesukumwa kwa nguvu hadi kimekwaruza bomba.

Kipande hicho si takataka. Kina kazi yake halali. Zipo setilaiti zinazorusha mawimbi yanayojisokota kama parafujo, kulia au kushoto, na tefloni ile ndiyo inayoyanyoosha kabla hayajafika kwenye pini. Intelsat 906, iliyorushwa 2002 na kukaa digrii 64 mashariki, ilikuwa ya namna hiyo kwenye bendi ya C. Kutoka 64 hadi 68.5 ni kusukuma dishi kidogo tu. Sasa nadhani naelewa kilichotokea: dishi lilikuwa limefungwa kwa ajili ya 64, tefloni ndani, fundi akaombwa alihamishie 68.5; akalisukuma, akaona nguvu 84, akaondoka. Kipande kikabaki.

Na kipande kikibaki mbele ya mawimbi yaliyonyooka, kinafanya kinyume: kinayasokota. Pini ya wima inapata nusu yake, ya mlalo inapata nusu yake, vyovyote utakavyozungusha. Nusu ni desibeli 3, zaidi ya kile ningepata kwa kununua dishi la futi nane. Lakini hasara kubwa si hiyo. Setilaiti inatumia masafa yale yale mara mbili, chaneli hizi wima na zile mlalo, kwa kuwa zikiwa zimekatana msalaba hazisikiani. Tefloni inavunja ukuta huo. Zote mbili zinaingia pamoja kwenye pini moja, sawa kwa sawa, na risiva inasikia watu wawili wanaoongea kwa mpigo. Zile chache zilizokuwa zinashika kidogo ni zile ambazo upande wa pili, kwenye masafa hayo, hapakuwa na kitu.

Alama yangu ya kuuliza ya tarehe 4 imepata jibu: volti 13 na volti 18 zilikuwa sawa kwa sababu pini zote mbili zilikuwa zinasikia mchanganyiko uleule.

Nimekitoa kwa koleo la mdomo mwembamba. Nimekifunga kwenye karatasi na kukiweka kwenye droo ya baba, kwa siku kitakapohitajika.

Baada ya hapo LNB ilianza kuitika. Nikizungusha, ubora unapanda na kushuka, kama inavyotakiwa. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya havitusaidii sisi wa karibu na ikweta. Wima wa setilaiti unafuata kaskazini na kusini. Sisi tunaitazama kuelekea mashariki, kaskazini iko mkono wa kushoto na kusini iko mkono wa kulia. Kwa hiyo wima wake, kwetu, umelala. Kwa Tanga na 68.5, LNB inahitaji kulazwa karibu digrii 80. Wengi huiacha wima kabisa na kubadilisha V (wima) kuwa H (mlalo) kwenye risiva, na picha inatoka, maana wamekosea digrii 10 tu. Ila digrii 10 hizo zinaruhusu asilimia tatu ya upande wa pili kuvuja. Chaneli nyepesi hazijali. Zile nzito zinajali.

"Mjomba, imepanda! Hamsini na nane!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Picha ilikuwa imetulia, chaneli ya kwanza kushika ilikuwa ya mahubiri kwa lugha asiyoijua, na alisimama akaitazama mpaka ikaisha.

Jumamosi, 24 Agosti

LNB mpya. Ile ya zamani haikuwa imekufa, lakini chaneli moja ndogo, yenye kasi ya simboli (vipande vya data) elfu 2,200 tu kwa sekunde, ilikuwa inashika alfajiri na kupotea kila siku kuanzia saa tano mchana hadi alasiri. Chaneli kubwa za 27,500 na 30,000 hazikuguswa.

Hiyo ni tabia ya joto. LNB ya bendi ya C inashusha masafa kwa kutumia kifaa chake cha ndani kinachotoa mlio wa megahezi 5,150: ikisikia 4,000 inatoa 1,150. Zile za kawaida hupata mlio huo kutoka kwenye kipande kidogo cha kauri, na jua la mchana likichoma kofia yake, mlio unahama, nusu megahezi, hata moja. Kwa chaneli pana hiyo ni kama mtu kusogea kidogo kwenye benchi. Kwa chaneli nyembamba ya megahezi mbili na nusu, ni kuanguka chini. LNB za PLL zinashikilia mlio kwa kioo cha kwatzi na hazihami kiasi hicho.

Dukani zilikuwepo zenye maandishi ya kelvini 13, 15, 17, kipimo cha kelele ya LNB yenyewe. Sikuchagua kwa namba hizo. Kila sanduku linaandika namba inayoliuzia, na muuzaji hana kifaa cha kuipima. Nimechagua kwa neno PLL, na kwa gasketi nene kwenye kofia, kwa sababu ya chumvi. Nimeangalia pia ndani ya mdomo, mbele ya muuzaji, kwa tochi ya simu. Hakuna tefloni.

Ubora wa chaneli kubwa: 61. Ile ndogo imekaa siku nzima.

Jumamosi, 7 Septemba

Mlingoti na shabaha. Timazi imeonyesha mlingoti umeinama mashariki kwa upana wa kidole, kwa hiyo kila nilipogeuza dishi pembeni lilikuwa linapanda au kushuka pia bila mimi kujua. Nimepiga vipande vya bati chini ya bamba la zege hadi timazi ikatulia. Kazi ya saa mbili, na bila hiyo mengine yote ni kubahatisha. Dira ya simu usiitumie ukiwa umesimama karibu na dishi, chuma kinaivuta. Rudi hatua kumi nyuma.

Kulenga nimefanya hivi. Dishi la sentimita 180 kwenye bendi ya C linaona upana wa karibu digrii 2.9. Ndani ya upana huo kuna kilele bapa, na ukisimama kwenye kilele huwezi kujua uko katikati au ukingoni. Kwa hiyo nimesukuma kaskazini hadi ubora ukaanguka hadi 45, nimeweka alama ya chaki. Nimesukuma kusini hadi ukaanguka hadi 45 tena, alama ya pili. Nikaweka katikati ya alama mbili. Vivyo hivyo kwa juu na chini. Kilele hakisomeki, mabonde yake mawili yanasomeka.

Na nimetumia chaneli ngumu kuwa kipimo. Namna za kupakia data kwenye mawimbi zinatofautiana: ya DVB-S2 yenye QPSK 3/4 inatosheka na desibeli 4 juu ya kelele. Ya 8PSK 3/4 inadai karibu 8. Ukilenga kwa ile rahisi unafika 60 unashangilia. Ile ngumu haikuruhusu kudanganya. Hata mzunguko wa LNB nimeurekebisha tena kwa hiyo, na umehama kidogo sana, chini ya unene wa kucha kwenye alama.

Kukaza bolti ni mtihani mwingine. Kila bolti ukiikaza inavuta dishi upande wake. Nimekaza robo, nimesikiliza namba, robo ng'ambo, nimesikiliza. Ubora 72. Pembeni, digrii 66, yuko Intelsat 17, setilaiti nyingine, na dishi lililopinda au lililolengwa ovyo lingekuwa linamsikia na yeye.

Jumamosi, 21 Septemba

Jana saa nne asubuhi mama alinipigia simu. "Mwanangu, televisheni imekata, na wala hakuna wingu." Dakika chache baadaye ikarudi yenyewe. Nilijua ni nini na nilifurahi, nikamwambia asiguse kitu, nakuja kesho.

Leo saa nne kasoro dakika kumi nilikuwa mbele ya dishi. Karibu na tarehe hizi, na tena mwezi wa tatu, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti ukiitazama kutoka hapa. Jua lenyewe ni mtambo mkubwa wa kelele za redio, na kwa dakika chache linaifunika sauti ya setilaiti. Hakuna fundi anayeweza kulizuia.

Lakini linatoa zawadi. Likiwa nyuma ya setilaiti, kivuli cha LNB kinaonyesha mahali dishi linapotazama: likiwa limelengwa sawa, kinaangukia katikati ya bati. Nilisimama nikakitazama kikitambaa juu ya bati: mduara mweusi wa ringi, ukitoka upande mmoja na kwenda katikati, taratibu kama mshale wa saa. Saa nne kamili, mpwa wangu anaita "arobaini, ishirini na tano, imekata," mduara ule ulikaa juu ya bamba la katikati. Kupotoka kwake kutoka katikati hakukufika hata upana wa kidole. Timazi, chaki, robo robo za spana, vyote vimepimwa na jua.

Mpwa wangu alitaka tulipake dishi rangi ya fedha inayong'aa. Nimemwonyesha kwa mkono: siku kama ya leo, weka kiganja mbele ya LNB uhisi joto lililokusanyika hapo, na hii ni rangi ya kijivu iliyofifia. Bati linalong'aa lingeyeyusha kofia. Tutapaka kijivu kisicho na mng'ao.

Jumamosi, 5 Oktoba

Rangi imepakwa. Konekta ya kwenye LNB nimeijaza grisi ya silikoni, nimezungushia tepu ya mpira inayojigandia yenyewe, na waya nimeukunja mkunjo mmoja chini yake ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kuingia ndani. Ubora 72.

Jumanne, 22 Oktoba

Jumapili vuli imefungua kwa kishindo. Mvua ya upepo kutoka baharini, saa moja na nusu usiku, mabati yanapiga kelele hata hatusikilizani. Kidishi cha juu ya paa kilikata saa mbili kasoro. Mama akachukua rimoti ya pili. Dishi la baba lilikuwa 69. Lilishuka hadi 67, likarudi. Taarifa ya habari, ya chaneli nyingine lakini ya Kiswahili, aliitazama hadi mwisho, akauliza kama mtangazaji yule ni mgeni.

Tangu jana majirani wananiuliza jambo jingine. Jumamosi tarehe 19 setilaiti Intelsat 33e, iliyokuwa digrii 60 mashariki, ilipoteza umeme na mawasiliano, na kampuni yake imethibitisha kwamba imepotea kabisa. Kikosi cha Anga za Juu cha Marekani kimesema kinafuatilia vipande vipatavyo 20. Ilirushwa Agosti 2016 kwa roketi moja ya Ariane 5 pamoja na Intelsat 36, na hiyo 36 ndiyo inayokaa pamoja na Intelsat 20 pale 68.5. Watu wamesikia jina Intelsat wakaingiwa na hofu. Yetu ni nyingine, na haijaguswa. Nimewasha mbele yao wakaona.

Jioni nimepanda ngazi na kopo la rangi nyekundu na brashi ndogo. Chini ya 67 ya baba nimeandika: kina 30, ringi 0.38, LNB imelazwa 80, tefloni iko kwenye droo. Na tarehe.